Feritini 84, damu 8.9: ghala lina mali au mlango umefungwa?

Swali: Shikamoo daktari. Nina miaka 36, naishi Tanga, na huu ni mwaka wa sita naugua baridi yabisi, ile ya rumatoidi. Natumia methotreksati kila wiki, na viungo vikikaza usiku nanunua diklofenaki duka la dawa. Nachoka sana, nikipanda ngazi chache tu moyo unaenda mbio. Majibu yangu: himoglobini 8.9, MCV 78, feritini 84, transferini 2.3 na imejaa asilimia 9 tu, CRP 41, ESR 72. Daktari wa kwanza alisema chuma hakijapungua kwa sababu feritini ni ya kawaida, akanisimamishia vidonge. Wa pili akasema nivimeze tena miezi mitatu. Nani mkweli? Mwanangu wa miaka 9 naye ana selimundu: himoglobini 7.6, feritini 410, ESR 6, na haptoglobini haikuonekana kabisa. Mbona ESR yake ni nzuri kuliko yangu, wakati yeye ndiye mwenye damu kidogo zaidi? Naweza kumgawia vidonge vyangu vya chuma? Hedhi yangu ni nzito, na nisikufiche, udongo nautafuna. Juisi ya rozela je, inasaidia?

Jibu: Marahaba, mama. Nianze na la haraka: mwanao usimgawie vidonge hivyo, hata kimoja. Sababu utaiona nikifika kwake.

Madaktari wako wawili, kila mmoja ana lake la kweli. Wa kwanza ameisoma feritini yako kama inavyosomwa ya mtu asiyeumwa kitu kingine, nawe unaumwa. Wa pili amekisia vizuri, ila hakukueleza kwa nini kidonge kile kile kilichomponya jirani yako kinaweza kupita tumboni mwako bila kufanya kazi. Protini zilizoandikwa kwenye karatasi yako ni mashahidi, na mwili ukiwa kwenye mchochota kila shahidi ana upande anaouegemea. Mwenye kuujua upande huo anaweza kuutumia ushahidi wao. Asiyeujua atahukumu vibaya, na nimewahi kuhukumu vibaya mwenyewe.

Mchochota ni ule moto unaowashwa na kinga ya mwili. Ukichomwa mwiba, kidole kinavimba, kinawiva, kinapata joto na kuuma. Katika rumatoidi moto huo unawaka viungoni miaka nenda miaka rudi, na mwiba haupo. Habari yake haiishii kwenye kiganja au goti. Seli za kinga zinatuma ujumbe wa kemikali kupitia damu, mmoja wa wajumbe wakubwa ukiitwa intalukini-6, na ujumbe huo unafika kwenye ini. Ini likiupokea linabadilisha kazi za siku. Protini kadhaa linazitengeneza kwa wingi kuliko kawaida: CRP, fibrinojeni, haptoglobini, hepsidini. Feritini nayo inapanda. Nyingine linazipunguza, zikiwemo albumini na transferini. Kwa hiyo kabla hujasoma namba yoyote ya chuma kwenye karatasi hiyo, soma kwanza CRP. Yako ni 41, na kwa kawaida isingezidi 5. Moto unawaka, na kila kilichoandikwa chini yake kisomwe kwa kujua hilo.

Sasa feritini. Hii ni protini inayohifadhi chuma ndani ya seli, hasa za ini, bandama na uboho. Ni kama kapu lenye mfuniko, na kapu moja linaweza kubeba maelfu ya atomi za chuma. Kidogo chake kinavuja kwenye damu, na ni hicho kinachopimwa maabara. Kwa mtu asiye na maradhi mengine, kinachovuja kinaonyesha vizuri kilichomo ghalani. Ikishuka chini ya 15 kwa mtu mzima, ghala ni tupu, hakuna mjadala. Sijawahi kuona feritini ya 8 ikasema uongo.

Tatizo linakuja namba ikiwa juu. Mchochota peke yake unaipandisha feritini hata kama ghala linakauka. Ndiyo maana mwaka 2020 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo wenye mistari miwili: kwa mtu mzima asiye na maambukizi wala mchochota, upungufu wa chuma unahesabiwa chini ya 15, na kwa aliye na mchochota, chini ya 70. Kwa watoto wa chini ya miaka mitano ni 12 na 30. Wewe una 84, umeupita mstari wa 70 kwa hatua chache tu. Mstari huo, hata hivyo, ulichorwa kwa ajili ya watu wengi kwa jumla. Kwa mgonjwa mmoja aliyekaa mbele yangu, mwenye ugonjwa wa mchochota wa muda mrefu, feritini kati ya 30 na 100 ni eneo la ukungu ambalo ndani yake chuma kinaweza kuwa kimekwisha. Ukiwa ndani ya ukungu huo unatafuta shahidi wa pili.

Shahidi huyo unaye tayari, ila hakuna aliyemsikiliza. Ni transferini. Fikiria hamali wa bandarini mwenye mabega mawili: kila transferini inaweza kubeba atomi mbili za chuma, ikikitoa kwenye utumbo na kwenye seli zinazochakata chembe nyekundu za damu zilizozeeka, na kukipeleka kwenye uboho ambako damu mpya inatengenezwa. Chuma kikipungua peke yake, ini linaajiri mahamali zaidi ili hata punje moja isipotee, na transferini inapanda. Mchochota ukiwepo peke yake, ini linawapunguza, na transferini inashuka. Yako ni 2.3, katikati ya kiwango cha kawaida. Daktari mwenye haraka ataipigia alama ya vema. Mimi naiona kama kamba inayovutwa na timu mbili zenye nguvu sawa: upungufu wa chuma unaipandisha, mchochota unaishusha, na fundo limesimama katikati. Na hao mahamali waliopo, asilimia 9 tu ya mabega yao ndiyo yenye mzigo. Chini ya 20 uboho unaanza kukosa. Kwenye 9 unalala njaa.

Lakini ngoja, kwa sababu hiyo asilimia 9 peke yake haitoshi kunipa hukumu. Mchochota mtupu, bila upungufu wowote ghalani, nao unaweza kuishusha. Namna unavyofanya hivyo ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote katika tiba ya damu, na ndiyo inayojibu kwa nini vidonge vyako havikusaidia mara ya kwanza.

Uboho wako unahitaji takribani miligramu 20 hadi 25 za chuma kila siku kutengeneza chembe nyekundu mpya. Chakula kinaingiza miligramu moja au mbili tu. Nyingine zote zinatokana na kuchakata chembe zilizozeeka: baada ya siku kama 120, chembe nyekundu humezwa na seli kubwa za bandama na ini ziitwazo makrofaji, chuma kinatolewa, kinapakiwa tena kwenye transferini. Mlango ambao chuma kinatokea, kwenye makrofaji na kwenye seli za utumbo pia, ni protini iitwayo feropotini. Hakuna mlango mwingine. Bawabu wake ni hepsidini, kipande kidogo cha protini chenye asidi amino 25 tu, kinachotengenezwa na ini. Hepsidini ikiishika feropotini, mlango unamezwa ndani ya seli na kuvunjwavunjwa. Chuma kinabaki ndani.

Sisi tuliosoma zamani hatukufundishwa jina hilo, kwa sababu halikuwepo. Hepsidini ilielezwa kwa mara ya kwanza mwaka 2000 na 2001, na awali waliokuwa wakiichunguza walidhani ni dawa ya asili ya mwili ya kuua vijidudu. Kazi yake juu ya chuma ilionekana muda mfupi baadaye kwa panya, na mwaka 2004 ndipo ikaonyeshwa jinsi inavyoifunga feropotini. Kabla ya hapo tulikuwa tunasema tu "upungufu wa damu wa maradhi sugu", kisha tunabadilisha mada.

Intalukini-6, yule mjumbe wa mchochota, ndiye anayeliamuru ini litoe hepsidini kwa wingi. Fikiria mwenye duka mtaani anaposikia fujo inakuja: anafunga milango ya chuma, ingawa rafu zimejaa. Wateja wema nao wanakosa. Mwili una sababu yake. Vijidudu vingi vinahitaji chuma ili viongezeke, na kuwanyima ni silaha ya zamani sana ya kinga. Homa ya siku tano haitaharibu kitu. Rumatoidi ya miaka sita inaacha duka limefungwa miaka sita.

Kisiwani Pemba, jirani zako kabisa, somo hili lilipatikana kwa gharama. Watoto wadogo zaidi ya 20,000 walishirikishwa kwenye jaribio la kuwapa madini ya chuma na asidi ya foliki kila siku, kwa nia njema ya kuwaongezea damu. Mwaka 2003 sehemu hiyo ya jaribio ilisimamishwa kabla ya wakati, na matokeo yalipochapishwa mwaka 2006 yaliwashtua wengi: watoto waliopewa chuma walikuwa na uwezekano mkubwa zaidi, kwa asilimia 12, wa kufariki au kulazwa kwa ugonjwa mkali kuliko wasiopewa. Pemba ya wakati ule ilikuwa na malaria nyingi. Lakini katika kundi dogo lililopimwa damu kwa undani na kufuatiliwa kwa karibu matibabu yake ya malaria, watoto ambao kweli walikuwa na upungufu wa chuma walinufaika na dawa. Tangu hapo ushauri ni kwamba penye malaria, chuma kitolewe kikiambatana na kinga na tiba ya malaria. Kila ninapoona mtu anagawa vidonge vya chuma kama pipi kwa kuwa "mtoto amepauka", nakumbuka Pemba.

Hepsidini yenyewe inaweza kupimwa, lakini kwa hospitali zetu nyingi bado ni kipimo cha watafiti. Usihangaike kuitafuta. CRP inakupa picha ya karibu kwa bei ndogo, kwa kuwa wote wawili wanaamriwa na mjumbe yule yule. CRP ni ya zamani zaidi. Iligunduliwa New York mwaka 1930 kwenye damu ya wagonjwa wa nimonia, na uzuri wake ni wepesi: inapanda ndani ya saa chache baada ya moto kuwaka, inafika kileleni kama siku ya pili, na moto ukizimika inapungua kwa nusu kila saa 19 hivi. Ukiipima leo inakueleza habari za juzi na jana. Ipo nyingine, AGP, inayopanda polepole na kukawia kushuka. Wanaofanya tafiti za lishe huzipima zote mbili, maana mtoto aliyepona malaria wiki mbili zilizopita anaweza kuwa na CRP safi huku AGP na feritini bado ziko juu. Hospitalini AGP haiombwi mara nyingi, na kwako wewe haitaongeza kitu.

Kipimo ambacho kingeukata ukungu wako kinaitwa kipokezi cha transferini kilicho kwenye majimaji ya damu, kwa kifupi sTfR. Seli za uboho zenye njaa ya chuma zinatoa mikono mingi nje kumshika hamali apitaye, na vipande vya mikono hiyo vinakatika na kuelea kwenye damu. Njaa ikizidi, vipande vinaongezeka. Uzuri wake ni kwamba mchochota hauvipandishi kama unavyoipandisha feritini. Ukigawanya sTfR kwa logi (ya msingi wa kumi) ya feritini, jibu likiwa chini ya 1 tunaegemea kwenye mchochota mtupu, na likizidi 2 tunasema upungufu wa chuma upo pia. Logi ya 84 ni 1.92. Kwa mfano sTfR yako ikitoka 5.8, jibu ni kama 3, na mjadala wa madaktari wako umekwisha. Muulize mtu wa maabara kama kiwango chao kinalingana na hesabu hii, kwa sababu mashine hazifanani.

Bila kipimo hicho, mimi nabashiri nini? Nabashiri una vyote viwili. MCV ya 78 ina maana chembe zako ni ndogo. Upungufu wa damu wa mchochota peke yake mara nyingi unaacha chembe za ukubwa wa kawaida, na methotreksati ingezikuza kidogo kama ingezigusa. Kitu kinazidogosha. Tena una hedhi nzito, unatafuna udongo, na unameza diklofenaki.

Udongo nilitaka kuusema. Akina mama wengi wanaona aibu kuutaja, kumbe ni miongoni mwa dalili zinazonisaidia zaidi. Hamu ya udongo, barafu au mchele mbichi huja na upungufu wa chuma, na mara nyingi huondoka chuma kikirudi, hata kabla himoglobini haijapanda sana. Wakati huo huo udongo wenyewe unaweza kukamata chuma tumboni kisifyonzwe, na ukiokotwa pachafu unaleta mayai ya minyoo. Kwa hiyo uache, lakini hamu yenyewe usiione aibu kumtajia daktari. Ni jibu la kipimo ambalo hujalilipia.

Na diklofenaki, hapa nataka unisikie. Dawa hizi zinachubua tumbo, na tumbo linaweza kuvuja damu kidogo kidogo miezi bila maumivu. Vidonge vya chuma navyo vinafanya choo kiwe cheusi, kwa hiyo mtu anayevuja damu anajiambia "ni vidonge tu". Choo cha vidonge ni cheusi chenye ukijani, kina umbo lake. Choo chenye damu kutoka juu ni kama lami, kinanata, na harufu yake huisahau. Ukikiona hicho, nenda hospitali siku hiyo hiyo. Hata usipokiona, mwambie daktari wako idadi halisi ya diklofenaki unazonunua kwa wiki. Wengi hawasemi kwa sababu hawakuandikiwa.

ESR sasa, maana umeuliza swali zuri kuliko unavyodhani. Kipimo hiki ni cha kizamani: damu inasimamishwa kwenye bomba jembamba, na tunaangalia chembe nyekundu zimetua milimita ngapi kwa saa moja. Mchochota ukiwepo, fibrinojeni inazifanya chembe zigandamane kama sarafu zilizopangwa, rundo linakuwa zito, linatua haraka. Lakini chembe zikiwa chache nazo zinatua haraka, maana hazisongamani. Kwa hiyo sehemu ya hiyo 72 yako inatokana na upungufu wa damu wenyewe. Mwanao ni kinyume. Chembe zenye umbo la mundu hazipangiki kama sarafu. Jaribu kupanga ndizi ziwe mnara. Zinatua polepole, na ESR inatoka 6 hata kama mwili unawaka. Kwa mtoto wa selimundu ESR ndogo si habari njema wala mbaya, na ikipanda ghafla ndipo tunashtuka na kutafuta maambukizi.

Kosa langu lilihusu hiyo ESR. Miaka ya mwanzo kazini nilimwona mzee mmoja mwenye himoglobini 9, ESR zaidi ya 100, chuma kwenye damu kidogo. Nikasema ESR imepandishwa na upungufu wa damu, nikampa vidonge. Hospitali ile CRP haikuwa ikipimwa, nami sikuuliza kuhusu uzito wala jasho la usiku. Alirudi baada ya wiki kumi, mgongo umepinda: kifua kikuu cha uti wa mgongo. Vidonge havikumwongezea hata nusu gramu ya damu, na hilo lenyewe lilikuwa jibu ambalo sikulisoma. Upungufu wa damu usioitikia chuma, pamoja na alama za mchochota, ni sababu ya kutafuta moto unawaka wapi: kifua kikuu, VVU, figo, saratani, magonjwa ya viungo.

Turudi kwa mwanao. Upungufu wake wa damu una chanzo kingine kabisa. Chembe zake zinapasuka mapema, nyingine ndani ya wiki mbili au tatu badala ya miezi minne. Himoglobini inayomwagika kwenye damu inakamatwa na haptoglobini, na wawili hao wanaondolewa pamoja. Kwa kuwa chembe zinapasuka kila siku, haptoglobini inatumika yote, haibaki ya kupimwa. Angalia sasa jinsi mashahidi wanavyokinzana: haptoglobini ni miongoni mwa protini ambazo mchochota huzipandisha, na watoto wa selimundu mara nyingi wana CRP iliyopanda kidogo hata wakiwa hawaumwi. Ini linaitengeneza kwa bidii, na kupasuka kwa chembe kunaimaliza kabla haijaonekana. Malaria kali hufanya vivyo hivyo: CRP juu, feritini juu, hepsidini juu, haptoglobini sufuri.

Chuma cha chembe zilizopasuka hakipotei nje kama damu ya hedhi. Sehemu kubwa inabaki mwilini na kutumika tena. Akiwahi kuongezewa damu, kila chupa moja ya mtu mzima imemletea miligramu 200 hadi 250 za ziada, na mwili hauna njia ya kuzitoa. Feritini yake ya 410 inaweza kuwa chuma halisi kilichorundikana, inaweza kuwa mchochota, na mara nyingi ni mchanganyiko. Ipimwe tena akiwa ametulia, angalau wiki kadhaa baada ya maumivu au homa. sTfR kwake isipimwe kabisa, kwa kuwa uboho unaofanya kazi mara kadhaa ya kawaida hutoa mikono mingi hata ukiwa umeshiba. Anachohitaji ni asidi ya foliki, kinga ya malaria, chanjo zake zote, na kama hajaanzishiwa haidroksiyurea, uliza kwa nini. Dawa hiyo hupunguza maumivu na haja ya kuongezewa damu. Vidonge vya chuma apewe tu ikithibitika amepungukiwa, na ni kliniki yake itakayosema hivyo.

Nigusie kwa ufupi aina nyingine, maana ndugu zako watakuuliza. Safura, ile ya minyoo inayonyonya damu utumboni, huishusha feritini kama upungufu wowote wa chuma, na CRP mara nyingi haina la kusema. Upungufu wa vitamini B12 au foliki unakuza chembe, CRP ni ya kawaida, lakini feritini inaweza kupanda kwa sababu chuma kipo na uboho haujui la kukifanyia. Mgonjwa wa figo ana mambo mawili: hepsidini nyingi, na erithropoetini, homoni inayouamsha uboho, haba. Kwake feritini ya 100 haihesabiwi kuwa salama.

Sasa ufanye nini. La kwanza ni kuuzima moto. Rumatoidi yenye CRP ya 41 haijadhibitiwa. Daktari wako wa viungo aongeze kipimo cha methotreksati au abadilishe dawa, na usijiongezee mwenyewe. CRP ikishuka, hepsidini inashuka, mlango unafunguka, na chuma unachokimeza kinaanza kuingia. Nimeona himoglobini zikipanda gramu moja na nusu kwa kuzima mchochota tu, kidonge cha chuma hakijaguswa.

La pili, kitafutwe kinachovuja. Uzazi uangaliwe kwa altrasaundi, kwani hedhi nzito katika umri wako mara nyingi ina uvimbe wa kizazi nyuma yake. Tumbo liangaliwe kwa ajili ya diklofenaki, pamoja na kipimo cha bakteria wa vidonda vya tumbo. Choo kipimwe minyoo.

La tatu ni chuma chenyewe. Kidonge kimoja siku moja, siku inayofuata pumzika. Wengi hudhani huu ni uvivu. Kila dozi inaamsha hepsidini kwa takribani siku nzima, na dozi ya kesho inakuta mlango umefungwa. Kuruka siku kunafanya sehemu kubwa zaidi ya kila kidonge ifyonzwe, na tumbo linapata nafuu. Pima damu baada ya wiki nne. Isipopanda hata gramu moja huku CRP bado iko juu, usiongeze vidonge. Muulize daktari kuhusu chuma cha kuingiza kwenye mshipa, kinachoupita mlango wa utumbo bila kubisha hodi.

Na rozela. Endelea kuinywa kama unaipenda, sukari iwe kidogo. Ule uchachu wake unasaidia chuma cha maharage na mchicha kufyonzwa, mradi unywe pamoja na mlo. Rangi yake nyekundu haina damu ndani yake. Kitakachokusaidia zaidi ni kuisogeza chai ya rangi mbali na chakula na kidonge, saa moja au mbili, kwa sababu chai inakifunga chuma kabla hata hakijamfikia yule bawabu.